Helikopta Tuliyoiunda Ndia Kuu

Kaka yangu alikuwa fundi saa, mimi fundi redio. Duka lilikuwa moja, tulilorithi kwa baba, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, na tulikuwa tumeligawa kwa meza: upande wa mlangoni, penye mwanga, alikaa yeye, upande wa ndani, penye umeme, nilikaa mimi. Alinizidi miaka tisa. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye vidole vyembamba, na kwenye jicho lake la kulia alikuwa akibandika kile kioo kidogo cheusi cha mafundi saa tangu alipokuwa na miaka kumi na minne. Kwa jicho hilo aliona vitu ambavyo sisi wengine tuliviamini kwa kuambiwa tu. Watu walimletea saa kutoka Lamu na Tanga, saa ambazo mafundi wengine walikuwa wamekwisha kuzikatia tamaa.

Miaka ninayoisimulia ni ile ya mwisho mwisho ya sitini. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sijaoa, naishi na mama ghorofa ya juu ya duka. Kaka alikuwa na nyumba yake mtaa wa pili, yeye na mkewe.

Siku moja aliingia dukani Mzungu mmoja, rubani wa bandarini, kazi yake kuziingiza meli Kilindini. Alikuwa akikaa Kizingo, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha gatini, kilichonyooka bila mapambo. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo. Alipokifungua nikaona kisanduku cha bati chenye antena ndefu na vijiti viwili juu yake.

"Fundi, hii utaiweza?" akaniuliza.

"Ni redio?"

"Ni redio, lakini haiimbi. Inaongoza ndege."

Nilidhani ananitania. Nikaifungua mbele yake, nikaona mara moja kilichoisibu: chumvi ya bahari ilikuwa imekula viungo viwili vya waya. Nikavisafisha, nikavitia lehemu upya. Mzungu alipouona mshale wa kipimo ukipanda, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaniambia nije Jumapili asubuhi kwenye uwanja wa nyasi upande wa mnara wa taa, nione kazi yangu inafanya nini.

Nilikwenda kwa baiskeli. Ndege yenyewe ilikuwa na mabawa marefu kuliko mikono yangu ikinyooshwa, imeundwa kwa vijiti vyepesi na kuvikwa karatasi iliyopakwa vanishi. Injini yake haikuzidi ngumi ya mtoto, inakunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Harufu ya mafuta yale yakiungua sijaisahau mpaka leo. Mzungu aliirusha, ikapanda, ikazunguka juu ya miti, ikarudi na kutua miguuni kwake kama mnyama aliyefugwa. Kisha akanipa kisanduku.

Sikudumu nayo hata dakika mbili. Ndege ikienda mbele yako, kushoto ni kushoto. Ikigeuka kukujia, kushoto huwa kulia, na kichwa changu kilikuwa bado hakijalijua hilo. Niliivuta upande usio wake, ikajibamiza kwenye mti wa mvinje, na mabawa yakashuka vipande vipande. Nilitaka ardhi inimeze. Mzungu akaniambia, "Wote huanza hivyo. Sasa utajifunza kuitengeneza."

Ndivyo nilivyoanza. Niliichukua ile ndege, nikaiunda upya mezani kwangu baada ya kazi, na kila Jumapili nilikuwa uwanjani. Nilivunja bawa mara nne zaidi. Mwezi wa tatu niliweza kuirusha na kuitua pasipo Mzungu kunigusa mkono. Mama alikuwa akisema nimerogwa. Kaka alikuwa akiniangalia nikigundisha vijiti, kisha anarudi kwenye saa zake.

Kilichomvuta kaka kilikuwa gazeti. Mzungu alikuwa akiletewa magazeti ya mchezo huu kutoka kwao, na katika moja kulikuwa na picha na michoro ya helikopta ndogo ya kuongozwa kwa redio. Waliokuwa wakijaribu kuiunda huko Ulaya walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wakishindwa. Ndege ya kawaida, ukiiachia, hujishikilia kwa mabawa yake. Helikopta ukiiachia kidogo tu huanguka. Nililileta gazeti dukani, nikalifungua mbele ya kaka na kumsomea maelezo kwa Kiswahili. Akabandika kioo chake jichoni, akaziinamia zile picha muda mrefu.

"Hii si ndege," akasema hatimaye. "Hii ni saa."

Nikamuuliza ana maana gani. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Gurudumu la meno linazungusha gurudumu jingine, mhimili unapita katikati, mapanga mawili juu yanageuka pamoja, na chini yake kuna kisahani kinachoinama huku na huku ili mashine iende unakotaka. "Anayeshindwa," akasema, "anashindwa kwa sababu anafanya kazi ya seremala mahali panapotaka fundi saa."

Tangu siku hiyo kazi ikawa yetu wawili. Miezi saba tuliiunda. Mimi nilikuwa na redio, nyaya na vile vijimota vidogo vya kuvutia vijiti. Yeye alikuwa na vyote vinavyozunguka. Magurudumu ya meno aliyatoa kwenye saa kubwa za ukutani zilizokufa. Mapanga aliyachonga mwenyewe kwa mti mwepesi, na upande wa mbele akaligundisha kila panga utepe wa mti mgumu, ili liwe na uzito. Alikuwa akiyaning'iniza kwenye uzi na kuyapima, anakwangua mti kiasi cha unyoya, anapima tena. Sijapata kumwona na furaha kama miezi ile. Mkewe alikuwa akituletea mahamri na chai dukani, anasimama mlangoni na kucheka: "Shemeji, umeniibia mume." Kaka naye alikuwa akicheka, jambo ambalo hakuwa akilifanya ovyo.

Kila panga lilishikwa na pini moja tu, nene kama njiti mbili za kibiriti zikiwekwa pamoja. Pini hizo mbili ndizo zilizobeba kila kitu, kwa sababu panga likizunguka kwa kasi ile hutaka kuruka liende zake, na hakuna kinacholizuia ila pini. Kaka alizifanya kwa chuma cha mhimili wa cherehani. Alizikereza, akazichoma motoni mpaka zikawa rangi aliyoitaka, akazitumbukiza kwenye mafuta, akazisugua mpaka zikang'aa. Zilimchukua siku nne. Aliponipa aliziweka kwenye kiganja changu moja moja.

"Hizi usizibadilishe na kitu chochote," akaniambia. "Nyingine zote tukikosea tutatengeneza. Hizi tukikosea hakuna kutengeneza."

Tulikuwa tumekwisha kuijaribu mara mbili, imefungwa kwa kamba nne kwenye ubao mzito ili isipande. Injini ilizunguka, mapanga yakazunguka, mashine ikatetemeka lakini haikuonyesha kutaka kuinuka. Kaka akasema mapanga hayapiti njia moja. Moja linapita juu, jingine chini. Akapaka ncha ya moja rangi nyekundu na ya jingine nyeupe, apate kuona lipi liko juu. Akayarekebisha, na tukakubaliana kujaribu tena.

Hapo ndipo Mzungu alipokuja na habari kwamba mkataba wake umekwisha. Kazi yake amepewa mwananchi, na meli ya kumrudisha kwao inaondoka Jumapili. Hakulalamika. Alisema tu kwamba angependa aione ikiinuka kabla hajaondoka, hata kama ni unene wa kidole. Nikamwambia aje atuchukue Ijumaa baada ya sala. Nilimwambia bila ya kumuuliza kaka.

Alhamisi kaka alikuwa amekwenda Majengo kwa wakwe zake, kulikuwa na mgonjwa. Nilikuwa dukani peke yangu, narudishia mapanga ambayo kaka alikuwa ameyatoa kuyarekebisha. Pini ya kwanza niliitia. Ya pili ilinitoka vidoleni, ikagonga meza, ikaanguka sakafuni. Sakafu ya duka letu ilikuwa ya mbao kuukuu, na chini yake kulikuwa na birika la zamani la kuwekea maji ya mvua, ambalo halijafunguliwa tangu enzi za babu. Niliisikia ile pini ikigonga jiwe, kisha nikasikia maji.

Nilipiga magoti pale nikiangalia ufa wa ubao. Nilijua la kufanya. La kufanya lilikuwa kumngoja kaka nimwambie, "Nimeiangusha, tengeneza nyingine," na Mzungu aondoke bila kuona. Kaka asingenigombeza. Angenitazama tu, na mtazamo wake ule nilikuwa nikiuogopa kuliko matusi. Na nilikuwa nimekwisha kumwahidi mtu.

Nikachukua kijiti cha shaba kutoka kwenye kitufe cha redio iliyokufa. Nikakikata, nikakipiga tupa mpaka kikawa na unene ule ule. Lakini shaba ile ilikuwa ya njano, na chuma ni cheupe. Basi nikakipaka lehemu juu, nikakisugua kwa kitambaa, kikang'aa kama chuma. Nikakitia mahali pake, nikakipaka grisi. Kazi yote haikunichukua hata saa moja.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Katika miaka yote iliyofuata nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba sikujua hatari yake, lakini mtu asiyejua hapaki lehemu.

Ijumaa, baada ya sala, tulikwenda uwanjani kwa gari la Mzungu, mashine tumeipakata kwenye magoti. Tukaiweka chini, tukazifunga kamba. Kaka akaniuliza, "Pini umezitia?"

"Nimezitia."

"Zimekaa sawasawa?"

"Zimekaa."

Siku zote alikuwa akiinama kutazama mwenyewe. Siku hiyo Mzungu alikuwa amesimama pale na saa mkononi, na upepo ulikuwa umetulia kidogo, na mimi ni nduguye. Hakutazama.

Kazi ya kuangalia kama mapanga yanapita njia moja haiwezi kufanywa kwa kusimama. Lazima uchutame ubavuni mwa mashine, macho yako yawe usawa mmoja na mapanga, uone ule mstari wa nyekundu na ule wa nyeupe. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka, kwa sababu ya jicho lake. Alichutama hatua tano hivi kutoka kwenye mashine. Mimi nilikuwa nyuma na kisanduku, Mzungu kando yangu.

Injini ilishika mara moja. Mapanga yakageuka duara la ukungu. Nikasukuma kijiti kidogo kidogo, sauti ikapanda, na kamba nne zikakaza. Mashine ilikuwa imeinuka. Iliinuka kiasi cha mkono kupita chini yake. Mzungu alipiga kelele kwa lugha yao. Nikamsikia kaka akisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiitafuta njia siku nyingi, "Yanapita pamoja! Ongeza!"

Nikaongeza.

Kulikuwa na mlio mmoja mdogo, kama wa njiti kuvunjika, na mashine ikajirusha ubavu na kuanza kujipigapiga kwenye ubao. Nilizima injini. Nilipogeuka kumtazama kaka, alikuwa amekaa chini nyasini, mkono juu ya uso. Hakupiga kelele. Alikuwa akisema kwa upole, "Hebu ngojeni. Hebu ngojeni kidogo," na damu ikimtoka katikati ya vidole na kumlowesha kanzu yake ya Ijumaa.

Mzungu alituendesha mpaka hospitali. Jicho la kulia halikuwa la kuokolewa. Walilitoa siku ile ile. Tulipokuwa tukingoja ukumbini, Mzungu, shati lake lote damu, aliniambia, "Kosa ni langu. Ningemkataza asikae pale. Mimi ndiye mwenye kujua mchezo huu." Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kweli. Nikainamisha kichwa tu, akanipapasa bega akidhani nalia. Jumapili aliondoka. Kile kisanduku alimwachia mama.

Kabla ya Maghribi siku ile ya Ijumaa nilikuwa nimerudi uwanjani peke yangu. Mashine ilikuwa pale pale. Pini ya chuma, ile ya kaka, ilikuwa imeshika panga lake, haikupinda hata kidogo. Ya pili ilikuwa imekatika, nusu imebaki ndani ya tundu. Niliitoa kwa koleo. Pale ilipokatika, umanjano wake ulikuwa unaonekana wazi. Nikaitia kwenye kibweta cha kibiriti.

Kaka alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, kitambaa kimefungwa usoni. Nilikwenda kumwona. Mkewe alinipa kahawa, akatuacha.

"Ilikuwa pini," kaka akasema. "Niliisikia. Ilikatika kwanza, ndipo panga likaruka."

"Huenda," nikasema.

"Si huenda. Niliichoma mno. Chuma kikichomwa mno huwa kama kigae, hakipindi, hukatika. Vipande umeviona?"

"Vimepotea nyasini."

Kaka akakigusa kile kitambaa usoni. Kisha akasema, "Miaka ishirini na miwili nafanya kazi hii, na siku ya kitu kimoja kilichotaka kazi safi, nikafanya kazi mbovu."

Nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Nakumbuka nilikinywa chote.

Nilidhani jicho ndilo nililomwondolea. Katika miezi iliyofuata niliona kwamba nilikuwa nimemwondolea kitu kingine zaidi. Wateja walipokuja hakuwaambia kwamba haoni. Jicho la kushoto lilikuwa zima, na fundi wa namna yake angeweza kulizoeza. Aliwaambia, "Mkono wangu umeharibika. Mpelekeeni mwingine." Alirudisha saa alizokuwa amezipokea, moja moja, zingine ziko wazi na vyuma vyake kwenye kikopo. Mwisho akaacha kuja dukani. Meza yake ya mlangoni ilikaa tupu, mwanga ukiipiga bure, na mimi nikafanya kazi gizani nyuma yake.

Mwezi wa tano tangu ajali, mkewe alikuja. Hakuingia. Alisimama kizingitini, buibui amelishika kidevuni.

"Shemeji, njoo umseme nduguyo. Mimi nimeshindwa."

"Ana nini?"

"Yuko uani tangu asubuhi, avunja vyuma. Afanya pini, azichoma, azibana kwenye jiliwa, azivunja. Kisha aangalia, aandika. Jana hivyo, juzi hivyo. Hali wala hanywi mpaka nimlazimishe. Asema lazima ajue alikosea wapi."

Nilitazama ile meza tupu ya mlangoni.

"Nimemwambia ni kudra ya Mungu," akaendelea. "Unajua amenijibuje? Amenambia Mungu hakuichoma ile pini, nimeichoma mimi."

Nilimwambia atangulie. Nikapanda juu, nikakitoa kile kibweta chini ya godoro. Njia ya kwenda kwa kaka ni ya dakika tatu, na siku hiyo nilisalimiana na watu saba au wanane, naitika salamu zao, nawauliza hali za watoto wao, kama mtu mwenye safari ya kawaida.

Nilimkuta uani amechuchumaa kwenye kivuli, jiliwa limefungwa kwenye kigogo mbele yake. Karibu na mguu wake kulikuwa na sahani imejaa vipande vya chuma. Alikuwa amekonda. Nikakaa chini, nikafungua kibweta, nikakiweka juu ya kigogo.

"Ni nini?"

"Tazama."

Alikichukua kile kipande. Alikisogeza karibu na jicho la kushoto, akakigeuza. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kile kioo chake cheusi. Sikujua kwamba alikuwa bado akitembea nacho. Alikibandika kwenye jicho la kushoto, kikaanguka. Akakibandika tena kwa kukishika na kidole.

"Hii ni shaba," akasema.

"Ndiyo."

"Imepakwa lehemu."

"Ndiyo."

"Nani aliyeipaka?"

"Mimi, kaka. Yako ilinianguka. Iko ndani ya birika, dukani. Nilitaka Mzungu aione ikiinuka. Niliipaka ili usijue."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kupigwa. Nilikuwa hata nimeweka kofia yangu pembeni. Lakini yeye aliuliza swali moja, polepole.

"Basi ile yangu nyingine? Ile iliyobaki?"

"Nzima. Haikupinda."

"Haikupinda."

"Hata kidogo, kaka."

Aliweka kipande chini. Akaitazama ile sahani ya vyuma, pini alizofanya siku zote hizo na kuzivunja, zote nzuri, zote zimevunjwa kwa nguvu kwa sababu zilikataa kukatika. Jicho moja likatoa machozi. Lile jingine, chini ya kitambaa, sijui.

"Miezi mitano," akasema. "Ulikuwa ukija ukinywa kahawa yangu, ukiniangalia."

"Ndiyo."

"Toka nyumbani kwangu."

Nikatoka. Mkewe alikuwa ameketi nyuma ya mlango, amesikia yote. Hakuniaga.

Wiki iliyofuata kaka alirudi dukani. Alifungua mlango, akafagia upande wake, akaketi mahali pake penye mwanga na kupokea saa ya kwanza. Alianza na za ukutani, kubwa. Alikishikiza kioo kwenye jicho la kushoto kwa uzi aliouzungusha kichwani. Mkono wake, aliokuwa akisema umeharibika, ulikuwa mzima siku ile ile. Hakufikia tena alipokuwa, zile saa ndogo za kike alizikataa mpaka mwisho, lakini alifanya kazi.

Mimi hakunisemesha. Tulikaa chumba kimoja, migongo imeelekeana, kwa karibu mwaka mzima. Mteja akitaka mimi, kaka alikuwa akimwonyesha kwa kidole. Nikimtolea salaam asubuhi aliitika, kwa sababu kuitika ni wajibu, na hapo ndipo maneno yalipokoma. Mama, niliyekuwa nimemweleza habari yote, alijaribu kila njia. Alitupikia wote siku ya Idi na kutuketisha kwenye sinia moja. Tukala. Kaka akanawa, akambusu mama mkono, akaondoka.

Niliandika barua kwa Mzungu kwa anwani aliyotuachia. Nikamweleza kwamba yeye hakuwa na kosa. Sikupata jibu.

Kisha mama akafariki, kwa homa ya siku sita. Tulimzika makaburi ya jamaa, na kwa kuwa sisi ndio wanawe wa kiume, tuliingia kaburini wawili kumpokea. Mle ndani pana nafasi ndogo. Mabega yetu yalikuwa yamebanana. Jeneza lilipofunuliwa na mama kushushwa, niliogopa nitamwangusha.

"Shika vizuri," kaka akaniambia kwa sauti ya chini. "Hapo kichwani. Taratibu. Mimi ninaye."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza. Tukamlaza pamoja.

Matanga yalipokwisha alinisemesha mambo ya duka, mafupi mafupi. Miezi miwili baadaye, siku moja tukiwa tunafunga, akaniuliza, "Ile mashine iko wapi?"

Ilikuwa ghorofani, kwenye gunia. Sikuigusa tangu siku ile. Akaitaka. Alikuwa nayo wiki nzima, na aliponiita aliniambia nichukue kisanduku tu. Mapanga mapya, pini mpya, alizitia yeye. Mkewe alikataa katakata, akalia, na mwishowe alikubali kwa sharti kwamba kaka asimame nyuma yangu, si mbele wala ubavuni, na kwamba yeye mwenyewe awepo. Tukaenda watatu, asubuhi, kwa teksi.

Hatukuifunga kamba. Kaka ndiye aliyetaka hivyo. Niliisukuma polepole, naisikia pumzi yake kisogoni kwangu. Iliachana na nyasi. Ikapanda mpaka usawa wa magoti, ikakaa hapo hewani, inayumba kidogo na kujirudisha, labda kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi na tano. Nilikuwa nikitazamia kwamba nitasikia kitu, furaha au afueni. Nilichosikia ni woga mtupu, nikiyatazama yale mapanga. Kisha upepo mdogo wa bahari uliipiga, nikachelewa, ikalala ubavu na kujivunja.

Tulisimama tukiitazama.

"Imesimama hewani," kaka akasema.

"Imesimama."

"Pini?"

Nikainama, nikazikagua. "Nzima zote mbili."

Akaitikia kwa kichwa, akamshika mkewe mkono, wakatangulia barabarani. Mimi nikaviokota vipande.

Sikuirusha tena, wala ndege nyingine yoyote. Kaka aliishi miaka mingi baada ya hapo, na tulikaa duka lile lile mpaka mwisho wake. Watu waliotuona walisema tunapendana, na sidhani kama walikosea. Lakini kila aliponipa kitu cha kufunga, hata kitasa cha mlango, alikuwa akiacha kazi yake, anakuja kusimama pale pale na jicho lake moja, anatazama mpaka nimalize, kisha anajaribu mwenyewe kwa mkono kama kimekaza. Na mimi nilikuwa nikisogea kando, nampisha ajaribu.